Jinsi Serikali Zinavyozuia Silaha za Maangamizi Zisienee

Habari niliyokusudia kuwaeleza ni nzito, lakini si ngumu kufahamika, mtu akiifuata pole pole. Nataka kueleza njia ambazo serikali za dunia zimezitumia kuzuia zile silaha ambazo moja yake yatosha kuangamiza mji mzima, zisipate kuenea katika mikono mingi. Na zaidi ya yote nitaitazama nchi moja ya bara letu, Afrika ya Kusini, iliyozitengeneza silaha hizo kwa siri, kisha ikazivunja kwa mikono yake yenyewe. Mpaka leo hakuna nchi nyingine duniani iliyofanya hivyo.

Silaha za maangamizi ni za namna tatu: gesi za sumu, vijidudu vya maradhi, na mabomu ya atomiki, ambayo siku hizi huitwa mabomu ya nyuklia. Gesi ilitumiwa kwa wingi tarehe 22 Aprili 1915, Wajerumani walipoifungulia karibu na mji wa Ypres katika Ubelgiji, upepo ukaipeleka mpaka katika mahandaki ya jeshi la Ufaransa. Miongoni mwa waliovuta pumzi ile walikuwamo askari waliotoka Aljeria. Mwaka wa 1925 mataifa yakatia sahihi mkataba mjini Geneva kwamba gesi za sumu na vijidudu visitumiwe tena vitani. Italia ilikuwa miongoni mwao. Walakini katika vita vya mwaka wa 1935 na 1936 ndege za Italia ziliwamwagia watu wa Uhabeshi gesi ichomayo ngozi na kupofusha macho. Mkataba ule ulikuwa na ahadi, lakini haukuwa na mtu wa kwenda kutazama ghalani. Upungufu huu tuukumbuke, kwa kuwa mikataba yote ya maana iliyofuata imehangaika na jambo hilo hilo. Mkataba wa mwaka wa 1993 wa kuharibu silaha za kemikali ulikuja na wakaguzi wake, wenye makao katika mji wa The Hague. Ule wa mwaka wa 1972 wa kukataza silaha za vijidudu hauna wakaguzi.

Basi tuziache hizo, tushike habari ya bomu la atomiki, maana ndilo lililozitia serikali hofu kuliko yote.

Bomu la kwanza kutumiwa vitani liliangushwa juu ya mji wa Hiroshima katika Japani tarehe 6 Agosti 1945, na la pili juu ya Nagasaki siku tatu baadaye. Hata kufika mwisho wa mwaka ule, Hiroshima peke yake ilikuwa imepoteza watu wapatao 140,000. Ndani ya bomu la Hiroshima mlikuwa na urani kilo 64 hivi, uzito wa mtu mmoja mzima, na katika hizo haikufika hata kilo moja iliyopasuka na kutoa nguvu yake. Nyingine ilitawanyika bure.

Na urani hiyo ilitoka wapi? Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani katika kazi ile ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga, nchi ambayo wenyeji wake wengi husema Kiswahili kama sisi. Madini hayo yaligunduliwa pale mwaka wa 1915, na Wabelgiji waliyachimba kwanza kwa ajili ya radi, kitu kilichotumiwa na madaktari. Jiwe la Shinkolobwe lilikuwa la ajabu: mahali penye utajiri mkubwa, sehemu 65 katika 100 zilikuwa urani iliyochanganyika na hewa ya oksijeni, wakati migodi mingi ya nchi nyingine haipati hata sehemu moja katika 100. Mkubwa wa kampuni ya migodi, Edgar Sengier, aliogopa Wajerumani wasije wakayatwaa mawe hayo, akapeleka tani 1,200 hivi mjini New York mwaka wa 1940. Zilikaa ghalani katika kisiwa cha Staten Island, na mwezi wa Septemba 1942 akaja ofisa wa jeshi la Marekani akazinunua zote. Wachimbaji wa Katanga walioyatoa mawe yale ardhini hawakuambiwa yalikuwa ya kazi gani.

Sasa yafaa tufahamu jambo moja la ufundi, maana bila hilo mtu hawezi kuelewa kwa nini kazi ya kuzuia ni ngumu. Katika kila chembe 1,000 za urani itokayo ardhini, chembe 7 tu ndizo za namna ile ipasukayo upesi na kutoa nguvu. Zilizobaki ni za namna nyingine, nzito kidogo tu kuliko hizo. Fikiri mwanamke amepewa pishi ya mchele, akaambiwa atoe punje saba katika kila elfu, na punje hizo zafanana na nyingine kwa rangi na kwa umbo, ila zimepungua uzito kwa sehemu moja katika themanini. Ungo hautamfaa kitu. Yahitaji mitambo mingi yenye kuzunguka kwa kasi kubwa, au mitambo ya namna nyingine, na umeme mwingi, na miaka. Kazi hii huitwa kurutubisha urani, kama vile mkulima arutubishavyo shamba.

Urani ikirutubishwa mpaka chembe zile zikawa sehemu 3 au 5 katika 100, yafaa kuwashia kinu cha kutoa umeme. Ikirutubishwa mpaka sehemu 90 hivi, yafaa kwa bomu. Na mtambo ni ule ule. Tena, jambo ambalo wengi hawalijui, sehemu kubwa ya taabu iko mwanzoni: aliyekwisha kufika sehemu 4 katika 100 amekwisha kumaliza zaidi ya nusu ya kazi ya kufika 90. Kwa hiyo serikali isemayo, "Sisi twataka umeme tu," yaweza kuwa yasema kweli, na yaweza kuwa iko nusu ya njia ya kwenda kwenye bomu. Anayetazama kwa mbali hawezi kutofautisha. Lazima aingie ndani.

Shauri la kwanza la serikali lilikuwa kuficha elimu. Mwaka wa 1946 Marekani ilipitisha sheria ya kukataza habari za atomiki zisipewe nchi yo yote, hata Uingereza, ambayo wataalamu wake walikuwa wamesaidia kulitengeneza bomu lenyewe. Shauri hili halikudumu. Mwezi wa Agosti 1949 Warusi wakalipua bomu lao; Waingereza wakafuata mwaka wa 1952; Wafaransa wakalipua lao tarehe 13 Februari 1960 katika jangwa la Sahara, karibu na Reggane katika Aljeria; Wachina mwaka wa 1964. Elimu haifungiki kwa kufuli, maana maumbile ya vitu ni yale yale katika kila nchi, na mwenye akili na mali na subira atayavumbua.

Shauri la pili lilikuwa kinyume cha la kwanza. Tarehe 8 Desemba 1953 Rais Eisenhower wa Marekani alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akasema kwamba elimu ya atomiki itolewe kwa wote kwa kazi za amani, ila iwekwe chini ya macho ya chombo cha dunia nzima. Hivyo likazaliwa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki mwaka wa 1957, lenye makao yake Vienna. Nchi nyingi zikapewa vinu vidogo vya kujifunzia. Cha kwanza katika Afrika kiliwekwa Kinshasa mwaka wa 1959, mji ule ulipokuwa ukiitwa bado Leopoldville. Afrika ya Kusini nayo ilipata chake kutoka Marekani, kikawashwa mwaka wa 1965 mahali paitwapo Pelindaba, karibu na Pretoria. Tutarudi hapo.

Shauri la tatu ndilo lililo na nguvu mpaka leo, nalo halikutoka kwa dola kubwa. Lilitoka Ayalandi, nchi ndogo isiyo na bomu wala nia ya kuwa nalo. Waziri wake wa mambo ya nje, Frank Aiken, alilisema tena na tena katika Umoja wa Mataifa tangu mwaka wa 1958, hata mwaka wa 1961 mataifa yote yakalikubali. Baada ya mabishano marefu, Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia ulifunguliwa kwa sahihi tarehe 1 Julai 1968, ukaanza kuwa na nguvu tarehe 5 Machi 1970.

Mkataba huu ni mapatano ya kupeana. Nchi tano zilizokwisha kulipua bomu kabla ya mwaka wa 1967, yaani Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na Uchina, ziliachiwa mabomu yao, zikaahidi kutompa mtu mwingine, na tena zikaahidi kufanya mashauri kwa nia njema ili silaha hizo ziondolewe. Nchi nyingine zote ziliahidi kutotengeneza wala kupokea bomu, na kukubali wakaguzi. Nazo zikahakikishiwa haki ya kutumia nguvu ya atomiki kwa umeme, kwa kilimo na kwa hospitali.

Hapana shaka msikilizaji mwenye akili ataona mara moja palipo na ugomvi. Mwenye rungu amwambia asiye na rungu: wewe usichonge, nami nitalitupa langu siku moja. Siku gani? Mkataba haukusema. India haikutia sahihi kwa sababu hiyo, ikalipua bomu lake mwaka wa 1974 kwa vitu vilivyotoka katika kinu ilichopewa na Kanada kwa kazi za amani. Pakistani na Israeli hazikutia sahihi vile vile. Kwa maoni yangu lawama hii ni ya haki, wala sioni faida ya kuificha. Lakini ni haki pia kusema kwamba mwaka wa 1963 Rais Kennedy wa Marekani aliogopa kwamba baada ya miaka kumi hivi nchi zenye mabomu zaweza kuwa 15 au 20 au 25. Zaidi ya miaka hamsini imepita tangu Mkataba kuanza, na nchi hizo ni tisa.

Na wakaguzi hufanyaje kazi? Watu wengi hudhani kwamba ni askari wa kuvunja milango. Sivyo. Hawana bunduki wala pingu. Kazi yao yafanana zaidi na ya mkaguzi wa chama cha ushirika ajaye kutazama ghala la pamba au kahawa. Serikali huandika katika daftari: tuna kilo kadha wa kadha za urani, zimerutubishwa kiasi hiki, ziko katika mapipa haya. Mkaguzi huja akapima, akahesabu, akaweka lakiri ambayo haiwezi kufunguliwa bila kujulikana, akaacha kamera za kutazama usiku na mchana. Siku hizi huchukua pia kitambaa safi akapangusa ukuta na meza, na kitambaa kile kikipelekwa katika maabara chaonyesha chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, na kama kulikuwa na urani iliyorutubishwa kupita ile iliyotajwa katika daftari. Kipimo cha hofu ni hiki: kilo 25 za chembe zile zipasukazo, zikiwa ndani ya urani iliyorutubishwa sana, au kilo 8 za plutoni, kitu kipatikanacho ndani ya kinu. Kiasi hicho kikipotea, huhesabiwa kwamba bomu moja laweza kuwa limekwisha kupatikana.

Njia hii ilikuwa na tundu. Mkaguzi alitazama ghala alilotajiwa, asilotajiwa hakuliona. Baada ya vita vya mwaka wa 1991 ilijulikana kwamba Iraki ilikuwa ikifanya kazi ya siri katika majengo ambayo hayakuwamo katika daftari. Kwa ajili hiyo mwaka wa 1997 yaliongezwa masharti mapya, ambayo kwayo mkaguzi aweza kuomba kuingia mahali pengine pia. Lakini kila nchi ina hiari ya kuyakubali au kuyakataa. Na Iraki hiyo hiyo ilivamiwa mwaka wa 2003 kwa sababu, iliyotajwa na Marekani na Uingereza, kwamba imeficha silaha za maangamizi. Zikatafutwa baada ya vita, akiba iliyosemwa haikuonekana. Serikali iliyodai mbele ya dunia kwamba yajua, nayo haijui, yawatwika wakaguzi wa kesho mzigo wa kutosadikiwa.

Sasa tuitazame Afrika ya Kusini.

Nchi ile ina urani nyingi, nyingine ikipatikana pamoja na dhahabu, na tangu miaka ya 1950 iliwauzia Wamarekani na Waingereza. Wataalamu wake walisomeshwa ng'ambo. Katika Julai 1970 Waziri Mkuu Vorster alitangaza bungeni kwamba wataalamu hao wamevumbua njia yao wenyewe ya kurutubisha urani. Jengo la kazi hiyo lilisimamishwa jirani na Pelindaba, likaitwa Valindaba. Majina haya yametokana na lugha za Kibantu za kule, la kwanza hufasiriwa "maneno yamekwisha," na la pili "jambo hili hatulisemi." Sijui kama kuna serikali nyingine iliyoandika siri yake mlangoni kwa uwazi namna hiyo!

Mkataba haikuutia sahihi. Ilikuwa serikali ya ubaguzi, ya watu weupe wachache, na jirani zake walikuwa wakipata uhuru mmoja baada ya mwingine. Ureno iliondoka Msumbiji na Angola mwaka wa 1975, na askari wa Kuba wakaingia Angola. Katika jangwa la Kalahari mashimo marefu yalichimbwa ya kujaribia bomu. Mwezi wa Agosti 1977 Warusi waliyaona kwa chombo chao cha angani, wakawaambia Wamarekani, nao wakatazama kwa chombo chao wakaona ni kweli. Ni jambo la nadra katika miaka ile, dola mbili zilizochukiana kupelekeana habari ili kumzuia wa tatu. Pretoria ilibanwa na serikali nyingi kwa mara moja, mashimo yakafungwa bila kulipuliwa kitu. Lakini kazi ndani ya majengo haikukoma. Kufika mwisho wa miaka ya 1980 yalikuwa yamekamilika mabomu sita, na la saba lilikuwa likiundwa. Yalikuwa ya namna moja na lile la Hiroshima, ambalo ndilo jepesi kulitengeneza kwa mwenye urani ya kutosha.

Wenyewe walisema baadaye kwamba hawakukusudia kuyatumia, bali kuyaonyesha: kwanza kukaa kimya, hatari ikizidi, kuwanong'oneza wakubwa wa Magharibi, ikizidi tena, kulipua moja jangwani ili Marekani ishtuke ije kuwasaidia. Huo ndio mpango walioueleza. Mtu aweza kuuliza kama katika siku ya hofu kubwa mpango ungefuatwa kama ulivyoandikwa.

F. W. de Klerk alipokuwa Rais mwaka wa 1989 mambo yalikuwa yamegeuka. Mapatano ya Desemba 1988 yalikuwa yameanza kuwaondoa Wakuba katika Angola. Namibia ilikuwa njiani kupata uhuru, ikaupata tarehe 21 Machi 1990. Na ukuta wa Berlin ulianguka Novemba 1989. Bomu halikuwa na adui tena. Lilikuwa sasa kizuizi tu kati ya nchi na dunia iliyoitenga. Wengi wamesema pia kwamba wakubwa wale hawakutaka silaha hizo ziwe mali ya serikali ya watu weusi waliyoiona ikija. De Klerk hakuitaja sababu hii, lakini sidhani kwamba mtu aliyeishi chini ya utawala ule ataona ni vigumu kuisadiki.

Amri ilitolewa mwezi wa Februari 1990. Mabomu yakafunguliwa moja moja, urani ikayeyushwa na kurudishwa kwa idara ya atomiki, vyuma vikaharibiwa. Tarehe 10 Julai 1991 Afrika ya Kusini ikajiunga na Mkataba. Raia wake hawakuambiwa lo lote kuhusu mabomu mpaka tarehe 24 Machi 1993, De Klerk alipolieleza bunge. Kabla ya siku ile nyaraka nyingi za kazi hiyo zilikuwa zimekwisha kuharibiwa kwa amri.

Hapo ndipo wakaguzi wa Vienna walipopewa kazi ambayo hawajapata kuifanya mahali pengine. Mabomu hayakuwapo tena ya kuhesabiwa. Iliwapasa kurudi nyuma katika madaftari ya kila siku ya Valindaba: umeme kiasi gani uliingia, urani kiasi gani iliingia, kiasi gani ilitoka, mtambo ulisimama siku ngapi kwa kuharibika. Wakajumlisha, wakatoa, wakalinganisha na urani iliyokuwapo ghalani. Walishuhudia pia mashimo ya Kalahari yakizibwa. Mwisho wakasema kwamba hawakuona dalili ya urani iliyofichwa. Wangeweza kusema hivyo kwa sababu wenye nyumba waliwafungulia kila mlango. Mahali ambapo mwenye nyumba hataki, hesabu kama hiyo haifanyiki.

Kazi ya pili ilikuwa kuzuia maarifa yasiuzwe. Kila mtu aliyejua kazi ile alikuwa bado hai, na wengine walikuwa wamepoteza ajira. Tena ilikuwapo kazi nyingine ya siri ya jeshi, ya gesi na vijidudu, ambayo mambo yake ya kutisha yalielezwa hadharani mwaka wa 1998 mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano. Mwaka wa 1993 bunge lilipitisha sheria ya kuzuia kuenea kwa silaha za maangamizi, ikaundwa kamati ya serikali ya kuisimamia. Kwa sheria hii si bomu tu lililokatazwa. Mfanyabiashara mwenye vyuma fulani, mipira ya bomba fulani, mashine za kukereza za namna fulani, au dawa fulani, hana ruhusa kuvitoa nje ya nchi bila cheti, hata kama mnunuzi asema ni kwa kiwanda cha maji. Serikali ya Mandela iliyofuata mwaka wa 1994 haikuibadili siasa hii, bali iliishika kwa nguvu, na mwaka wa 1995 wajumbe wake walifanya kazi kubwa mjini New York katika kuyashawishi mataifa yakubali Mkataba udumu bila kikomo.

Sheria ilipimwa upesi. Mwezi wa Oktoba 2003 meli moja iliyokuwa ikienda Libya ilielekezwa bandari ya Taranto katika Italia, na ndani yake zikaonekana sehemu za mashine za kurutubisha urani, zilizotengenezwa Malaysia na kupitishwa Dubai. Nyuma ya biashara hiyo alikuwapo A. Q. Khan, mtaalamu aliyetengeneza urani ya bomu la Pakistani. Libya yenyewe ilitangaza Desemba 2003 kwamba yaacha kazi hiyo. Uzi wa habari ukafuatwa mpaka karibu na Johannesburg, na mwezi wa Septemba 2004 polisi wa Afrika ya Kusini walikamata katika kiwanda kimoja makontena 11 yenye mabomba na vyombo vilivyokuwa vipelekwe Libya kwa mashine hizo. Wawili katika walioshtakiwa walikiri makosa baadaye mahakamani. Hao hawakuwa serikali wala jeshi. Walikuwa watu wa biashara, wenye hati za malipo na makarani kama mfanyabiashara ye yote.

Kwa sababu ya mambo hayo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilitoa azimio nambari 1540 mwezi wa Aprili 2004, la kuilazimisha kila nchi iwe na sheria ya kuwazuia watu binafsi wasipate wala kuuza vitu vya silaha hizo. Hapa ndipo jambo hili linapotufikia sisi. Kenya imo katika Mkataba tangu mwaka wa 1970, na Tanzania tangu mwaka wa 1991, na hakuna mtu anayeishuku moja katika hizo kwamba yataka bomu. Lakini Mombasa na Dar es Salaam ni milango. Kontena linaloshuka pale kwenda bara, au kupandishwa meli ya kwenda Ghuba, laweza kuwa na bomba la kawaida au lisilo la kawaida, na karani wa forodha ndiye wa kwanza kulitazama. Tena Tanzania ina urani yake katika wilaya ya Namtumbo, na Tume ya Nguvu za Atomiki iliyo Arusha ina wajibu wa kujua mawe yenye mionzi yanapokwenda. Shinkolobwe ni mfano wa hatari ya kutokujua: mgodi ulikuwa umeachwa tangu zamani, lakini watu maskini waliendelea kuchimba pale kobalti kwa mikono, na mawe yalikuwa na urani ndani yake. Serikali ya Kongo ilitoa amri ya kuufunga mwanzoni mwa mwaka wa 2004, na miezi michache baadaye, watu wakiwa bado wamo ndani, mashimo yakaporomoka yakawaua baadhi yao.

Nchi za Afrika zilikwenda hatua moja mbele. Tarehe 11 Aprili 1996 zilitia sahihi mjini Cairo mkataba wa kulifanya bara zima liwe eneo lisilo na silaha za nyuklia, nao ukapewa jina la Pelindaba. Ulihitaji kuthibitishwa na nchi 28 ndipo uwe na nguvu. Miaka kumi na mitatu ilipita. Ya 28 ilikuwa Burundi, tarehe 15 Julai 2009.

Najua swali lililobaki mioyoni mwa wengi: je, aliyetupa silaha yake yu salama? Korea ya Kaskazini ilitangaza kujitoa katika Mkataba mwaka wa 2003, ikalipua bomu mwaka wa 2006, na haikuvamiwa. Ukraine ilikuwa na maelfu ya mabomu ya Urusi ya zamani katika ardhi yake. Ikayatoa yote, ikapewa mjini Budapest tarehe 5 Desemba 1994 ahadi ya Urusi, Marekani na Uingereza kwamba mipaka yake itaheshimiwa. Urusi ikaitwaa Krimea mwaka wa 2014, ikaivamia nchi mwezi wa Februari 2022. Mtu akisema kwamba mambo hayo mawili yameudhoofisha Mkataba kuliko hotuba yo yote, mimi sina jibu la kumpinga. Ni kweli kwamba funguo za mabomu yale zilikuwa Moscow wala si Kyiv, na kwamba kuyatunza kungegharimu mali ambayo Ukraine haikuwa nayo. Lakini aliyevunjiwa ahadi hafarijiwi na maelezo ya funguo. Nchi nyingi zisizo na mabomu zimechoka kungoja, zikaandika mwaka wa 2017 mkataba mwingine wa kuyakataza kabisa, ulioanza kuwa na nguvu tarehe 22 Januari 2021. Afrika ya Kusini imo, na katika zile tisa zenye mabomu hakuna hata moja iliyoingia.

Na ile urani ya mabomu sita? Haikutupwa, maana haitupiki. Ilibaki nchini chini ya lakiri za wakaguzi. Usiku mmoja wa Novemba 2007 watu wenye bunduki walikata ua wa umeme wa Pelindaba, wakaingia mpaka katika chumba cha kuangalia hatari, wakampiga risasi mtumishi mmoja aliyekuwa kazini, wakatoroka. Urani hawakuifikia. Kile kinu cha mwaka wa 1965 kiliendelea kutengeneza dawa zenye mionzi ambazo madaktari huzitumia kutazama ndani ya mwili wa mgonjwa. Na mwaka wa 2009 mafundi walimaliza kukibadili, kikaacha kuwashwa kwa urani ya kiwango cha bomu, kikawashwa kwa ile hafifu.